Mtaro tumejenga, na bado maji yanaingia ndani. Tuanzie wapi?

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Mtaa wetu una nyumba kama themanini kwenye mteremko mdogo. Miaka miwili iliyopita tulichangishana tukajenga mtaro wa zege, upana sentimita 60 na kina sentimita 60, kuanzia juu ya mtaa hadi kwenye kalvati, ile njia ya maji inayopita chini ya barabara kuu. Mwaka wa kwanza tulipumua. Msimu huu mvua kubwa zimenyesha mara tatu, na mara zote tatu nyumba za chini zimeingiliwa na maji hadi magotini. Sasa kamati imegawanyika. Wengine wanataka tupanue mtaro, wengine wanataka tuufunike ili taka zisiingie, na jirani mmoja ameshaanza kuinua kiwanja chake kwa kifusi. Fedha tulizonazo zinatosha jambo moja. Tufanye lipi? – Mjumbe wa kamati ya mtaa

JIBU: Ndugu mjumbe, poleni sana. Maji ya magotini ndani ya nyumba yanaacha godoro lisilofaa tena, friji iliyoungua, harufu isiyotoka kwa wiki kadhaa, na watoto wanaoshtuka kila wingu linapotanda. Kwa hiyo sitazunguka. Kati ya mambo matatu mnayobishania, hakuna hata moja ambalo ningelitolea fedha zenu kwanza. Fedha zipelekeni chini, kwenye kalvati na kipande cha mtaro kinachoingia humo. Nguvu za mikono zipelekeni juu ya mtaa, mnakoweza kuyachelewesha maji kabla hayajafika mtaroni. Nitaeleza kwa nini, na nitaweka hesabu wazi ili wajumbe wenzako wazikague wenyewe.

Tuanze na wingi wa maji. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100, kwa mvua ya milimita 60, linamwaga lita 6,000. Hukutaja ukubwa wa mtaa, basi nichukue hekta 5, na mvua kali ya milimita 60 kwa saa. Si maji yote hutiririka. Kwenye ardhi ya kichanga yenye majani, sehemu kubwa huzama. Kwenye bati, zege na lami, karibu yote hukimbia. Kwa mtaa uliojengeka nitasema asilimia 70 inakimbia. Zidisha 0.7 kwa 60, zidisha kwa hekta 5, gawanya kwa 360 (namba hii inageuza milimita kwa saa na hekta kuwa mita za ujazo kwa sekunde), unapata mita za ujazo 0.58 kwa sekunde, yaani lita 580 kila sekunde. Ardhi hiyo hiyo kabla haijajengwa, kama asilimia 30 tu ya mvua ingetiririka, ingetoa lita 250. Mvua haikubadilika, kilichobadilika ni paa, sakafu za zege na nyua zilizosakafiwa. Kila chumba kinachoongezwa juu ya mtaa kinaongeza maji chini, hata kama mwenye nyumba hana ubaya na mtu.

Sasa mtaro. Uwezo wake hautegemei upana na kina peke yake. Unategemea pia mteremko wa sakafu na ulaini wa kuta, na hesabu yake tunaifanya kwa kanuni ya Robert Manning, mhandisi wa Ireland aliyeiwasilisha mwaka 1889. Mtaro wa zege wa sentimita 60 kwa 60, ukiwa safi na sakafu yake ikishuka nusu mita katika kila mita 100, ukijaa hadi ukingoni unapitisha lita kama 580 kwa sekunde. Ni sawa na mvua tuliyoihesabu hapo juu. Kwa hiyo, kama makadirio yangu yako karibu na hali halisi ya mtaa wenu, mtaro wenu si mdogo kama mnavyodhani. Shida ni kwamba hauna akiba, na mtaro usio na akiba hausamehe uzembe hata kidogo.

Weka tope la sentimita 20 kwenye sakafu yake. Mpita njia atauangalia aseme bado theluthi mbili ziko wazi, hauna neno. Lakini uwezo umeshuka hadi lita kama 350. Asilimia 40 imepotea, na hapo sijahesabu nyasi, mifuko na mawe yanayokwaza maji yakipita. Kina kikipungua, sehemu kubwa zaidi ya maji inagusa sakafu na kuta, na mguso huo ndio unaoyapunguza mwendo. Hii ni sababu ya kwanza ya nyinyi kupumua mwaka wa kwanza na kuzama mwaka huu: mwaka wa kwanza sakafu ilikuwa bado mpya.

Sababu ya pili huwaumiza watu wa chini bila mtu kukusudia. Mtaro wa udongo wenye nyasi huchelewesha maji. Ukisakafiwa kwa zege, maji hukimbia. Yale yaliyokuwa yakifika chini kwa zamu, ya nyumba za karibu kwanza na ya juu baadaye, sasa yanafika kwa pamoja. Watu wa juu wamepona, na mafuriko yao yamehamia kwa wenzao. Mkipanua mtaro sasa mtafanya jambo hilo hilo kwa ukubwa zaidi, yaani mtaleta maji mengi zaidi, kwa kasi zaidi, kwenye mlango ule ule.

Mlango huo ni kalvati. Hukuniambia ina ukubwa gani, na hilo ndilo ningependa kulijua kuliko yote. Chukua mfano wa kalvati ya duara yenye kipenyo cha sentimita 60. Kwa macho inalingana na mtaro wenu, upana ni ule ule. Kwa hesabu, ikiwa kwenye mteremko ule ule, inapitisha lita kama 430 kwa sekunde, robo tatu ya kile mtaro uliojaa unacholeta. Ikiwa nusu yake imejaa mchanga, inabaki na kama theluthi ya uwezo wake. Mchanga ndani ya kalvati haumsumbui mtu kwa sababu hakuna anayeuona. Maji yaliyokosa pa kupita hayapotei. Yanarudi nyuma, yanapanda ukingoni, yanatafuta sehemu ya chini kuliko zote, na sehemu hiyo ni vyumba vya nyumba za chini.

Kabla ya kutumia fedha yoyote, mvua kubwa ijayo nendeni mkaangalie. Wawili au watatu, mchana, mkiwa mmesimama mahali pa juu na mbali na ukingo. Msiingie majini hata kidogo: maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, na mtaro uliofurika hauonyeshi ukingo wake uko wapi. Angalieni kimo cha maji pande zote mbili za barabara kuu. Kama upande wenu yamefunika mdomo wa kalvati na upande wa pili yanatoka kidogo, kizuizi kiko ndani ya kalvati au mdomoni mwake, au kalvati yenyewe ni ndogo. Kama pande zote mbili yamejaa na yamelala, hayasogei, basi kule yanakokwenda kumejaa, iwe ni mto, mfereji mkubwa au bahari wakati maji yamejaa, na yanarudishwa kwenu. Hali hiyo ya pili ni nzito, kwa sababu mnaweza kuchimba mtaro wa mita mbili na usisaidie kitu. Maji hayaendi mahali ambapo kimo chake tayari kimelingana.

Inawezekana pia mkakuta kalvati inapitisha vizuri ilhali maji yanamwagika katikati ya mtaa. Hapo msitazame mbali, tazameni pale pale yanapomwagikia. Mara nyingi utakuta bomba la maji safi limekatiza mtaro, kimo cha katikati. Siku ya jua halina shida na mtu. Mvua ikianza, tawi moja linanasa kwenye bomba, mfuko wa plastiki unajiviringisha kwenye tawi, linafuata gunia, inafuata nepi, na baada ya muda mfupi kuna ukuta ndani ya mtaro. Upande wa juu wa bomba maji yanapanda hadi ukingoni na kuingia kwa watu. Upande wa chini, hatua tatu tu mbele, mtaro uko nusu. Kulihamisha bomba kama hilo, likapita juu ya ukingo au chini ya sakafu, ni kazi ya siku moja ya fundi, na inaweza kuokoa nyumba nyingi kuliko mita 50 za mtaro mpya. Angalieni pia vivuko vya kuingilia majumbani. Mtu akimwaga zege juu ya bomba jembamba ili gari lake lipite, amewafungia mtaro wote walio juu yake.

Na angalieni kama maji ya barabarani yanaingia mtaroni. Nimeona mitaro ambayo kuta zake zimepandishwa juu kuliko barabara: barabarani watu wanakunja suruali, na mtaro pembeni una maji ya kifundo cha mguu. Dawa yake ni rahisi. Toboeni matundu mapana ukutani, usawa wa barabara, kila baada ya mita chache, hasa pale barabara inapolala.

Mvua ikishakata, kazi haijaisha. Siku hiyo hiyo pitieni kuta mchore mstari wa chaki pale tope lilipoishia, mpige picha, mwandike tarehe na saa. Wekeni pia kopo lenye kuta zilizonyooka, mdomo sawa na kitako, mahali pa wazi mbali na paa na miti, kisha mpime kwa rula kina cha maji kila mvua. Milimita 40 kwenye kopo ni milimita 40 za mvua. Mkiandika na muda iliyochukua kunyesha, mna kumbukumbu ambayo mhandisi yeyote wa serikali atakaa aisome, kwa sababu inamwonyesha kuwa mtaa unafurika kwa mvua ya kawaida wala si kwa tufani ya nadra.

Kipimo kingine ni mteremko. Mafundi wanajua kutumia mpira wa maji, ule mpira mrefu unaoonyesha ndani: ujazeni maji, ondoeni mapovu yote, shikeni ncha mbili wima, na maji ya ncha zote yatasimama kwenye usawa mmoja. Kwa kusogea kipande kwa kipande mtapata sakafu ya mtaro inashuka kiasi gani kutoka juu hadi mdomo wa kalvati. Chini ya sentimita 50 kwa mita 100, mchanga utakuwa unatua kila mvua ikipungua nguvu. Na mkikuta kipande ambacho sakafu inapanda badala ya kushuka, jambo ambalo hutokea zaidi ya watu wanavyodhani, hapo ndipo tope lenu linapozaliwa. Kipande hicho kivunjwe na kumwagwa upya kabla ya jingine lolote.

Sasa fedha. Mkishahakikisha kuwa tatizo ni kalvati, jambo la kwanza ni kuizibua kutoka upande wa kutokea maji kwenda juu, ili kinachofunguka kipate pa kwenda. Asiingie mtu ndani ya kalvati, hata kama anatosha. Hewa inaweza kuwa mbaya, na maji yaliyozuiwa yanaweza kuachia ghafla. Tumieni fito ndefu, kamba na ndoo, au gari la kunyonya tope kama linapatikana. Jambo la pili, mita kadhaa kabla ya kalvati, jengeni shimo la kunasa mchanga: kipande cha mtaro kilichopanuliwa hadi karibu mara mbili ya upana wake, na sakafu iliyoshuka sentimita 50 au zaidi chini ya sakafu ya mtaro. Maji yakifika hapo yanapunguza mwendo na mchanga unatua. Sasa mnajua mchanga uko wapi, na watu wawili wenye makoleo wanautoa kwa nusu siku badala ya mtaa mzima kuhangaika na mtaro wote.

Wavu wa nondo wa kuzuia taka nao unafaa, ila ukijengwa vibaya ni bora usiwepo. Wavu uliosimamishwa wima, wenye matundu madogo, ukabandikwa kwenye mdomo wa kalvati, utaziba kwa dakika chache za mvua ya kwanza. Uwekeni nyuma kidogo, juu ya shimo la mchanga, ulale kama ngazi ili taka zipande juu maji yakipita chini. Nondo zielekee upande mmoja tu bila kukatizwa, na nafasi ya sentimita 10 hadi 15 kati yake. Eneo la wavu liwe mara kadhaa ya eneo la mdomo wa kalvati. Kisha awepo mtu mwenye jina, anayejulikana, ambaye kazi yake ni kuusafisha kwa reki kabla na baada ya kila mvua, akiwa amesimama ukingoni.

Kama kalvati ni ndogo kweli, hiyo ni mali ya mamlaka ya barabara na hamwezi kuivunja wenyewe. Hapo ndipo picha, mistari ya chaki na namba za kopo zinapofanya kazi. Ombeni kwa maandishi kipimo fulani, msiombe "msaada wa mafuriko". Kalvati ya kipenyo cha sentimita 90, kwa mteremko ule ule, inapitisha karibu mara tatu ya ile ya sentimita 60. Lakini kabla ya kuomba hivyo kaeni na watu wa ng'ambo ya barabara, kwa sababu maji mtakayoyaachia yatakwenda kwao. Na pale mtaro unapomwagia, wekeni mawe makubwa yaliyopangwa, la sivyo maji yatachimba korongo linalorudi nyuma kidogo kidogo hadi kwenye barabara yenyewe.

Nirudi kwenye mapendekezo ya kamati. Kupanua mtaro nimeshalijibu: si sasa, labda baadaye, na kuanzia chini kwenda juu, kamwe si kuanzia juu. Kufunika nakubali kwa sababu moja, usalama wa watoto na wazee, na pale watu wanapovuka sana. Ila kifuniko hakizuii tope, kinalificha. Kila kipande kiwe chepesi kiasi cha watu wawili kukiinua, kiwe na vishikio vya nondo, na maji ya barabarani yawe na matundu ya kuingilia. Mfuniko mzito uliopigwa simenti pembeni umeufanya mtaro kuwa kaburi la mchanga, na mtakaouvunja ni nyinyi.

Kuhusu jirani anayeinua kiwanja, mwendeeni kwa upole. Anajilinda, na kila mtu angefanya hivyo. Lakini kifusi chake kinachukua nafasi ambayo maji yalikuwa yakikaa, na maji hayo yatakwenda kwa jirani wa pili. Mshaurini ainue vizingiti na sakafu ya nyumba, aache ua chini, na kama ana ukuta aache matundu chini yake ili maji yapite badala ya kujikusanya na kuusukuma. Ukuta wa matofali uliozuia maji ya mita moja upande mmoja unaweza kuanguka mzima mzima, na unaanguka juu ya watu.

Tuje juu ya mtaa, sehemu ninayoipenda zaidi kwa sababu haihitaji kibali cha mamlaka ya barabara. Kila lita inayocheleweshwa huko haiji kugombania kalvati wakati ule mbaya. Lakini hapa pia tuwe wakweli na namba. Mvua yetu ya saa moja inatoa mita za ujazo 2,100 za maji yanayotiririka. Nyumba 80 zikikinga lita 2,000 kila moja, hizo ni mita za ujazo 160, kama lita 8 katika kila 100. Inasaidia, na familia zinapata maji ya kufulia, lakini matangi peke yake hayatawaokoa watu wa chini. Tena yanasaidia tu kama hayajajaa wakati mvua inaanza. Tangi lililojaa tangu jana linamwaga yote. Acheni sehemu ya juu ya tangi iwe na bomba dogo lililo wazi, linalochuruzika polepole usiku kucha, ili kila mvua ilikute lina nafasi.

Uwanja wa wazi ni hadithi nyingine. Kiwanja cha mita 60 kwa 40, kikishushwa sentimita 30 na kuzungushiwa tuta la nyasi, kinashika mita za ujazo 720. Hiyo ni theluthi ya maji yote ya mvua ile. Kinachotakiwa ni mdomo mpana wa kuingilia, bomba jembamba la kutokea, na sehemu ya tuta iliyoshushwa na kutandikwa mawe ili maji yakizidi yapite hapo bila kulibomoa. Watoto wanacheza siku zote nyingine, na baada ya mvua kinakauka ndani ya siku moja au mbili. Kisizidi siku tatu, kwa sababu ya mbu. Kama shule, nyumba ya ibada au mwenye shamba juu ya mtaa wenu ana eneo kama hilo, mwombeni kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa simenti. Sioni jambo jingine ambalo lingewasaidia watu wa chini kwa gharama ndogo hivyo.

Mashimo ya kunyonya maji yanategemea udongo. Jaribuni hivi: chimbeni shimo la kina cha sentimita 30, jazeni maji yazame kwanza ili udongo ulowe, jazeni tena, kisha pimeni. Kama maji yanashuka sentimita kadhaa kwa saa, shimo lililojazwa mawe litafanya kazi. Kama yanashuka chini ya sentimita moja kwa saa, mna mfinyanzi, na shimo litageuka kisima cha mbu. Popote litakapochimbwa, liwe mita 5 kutoka kwenye msingi wa nyumba, mbali na choo na kisima, na kitako chake kiwe juu ya maji ya ardhini hata msimu wa mvua. Kwa nyua zilizosakafiwa, ondoeni hata ukanda mmoja wa zege pembezoni, mpande nyasi na kuushusha kidogo chini ya sakafu. Watu wengi huinua bustani na kushusha sakafu. Fanyeni kinyume chake.

Kuna jambo ambalo kamati nyingi hukwepa kulisema. Hata mkifanya yote haya, ipo mvua itakayoushinda mtaro. Wahandisi wakisema "mvua ya miaka kumi" wanamaanisha mvua yenye nafasi ya asilimia 10 ya kufikiwa au kupitwa kila mwaka. Inaweza kuja miaka miwili mfululizo, na ndani ya miaka kumi nafasi ya kuiona angalau mara moja ni kama asilimia 65. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: mtaro ukishajaa, maji yapite wapi bila kuingia ndani? Jiji la Copenhagen lilijifunza hilo tarehe 2 Julai 2011, mvua ya zaidi ya milimita 100 ilipoanguka ndani ya saa chache na kujaza vyumba vya chini vya nyumba. Mpango walioupitisha mwaka uliofuata haukutegemea mabomba peke yake. Walikubali kwamba siku ya mvua kubwa baadhi ya barabara zitakuwa mito, na wakaweka lengo kwamba maji yasizidi kina cha sentimita 10. Nanyi chagueni barabara moja au uchochoro unaoshuka moja kwa moja hadi nje ya mtaa. Katikati yake pawe chini kuliko pembeni, msiruhusu mtu kuujengea wala kuweka kifusi, na barabara ikikwanguliwa au kumwagiwa lami upya, hakikisheni haipandi juu ya vizingiti vya milango.

Majitaka nayaweka peke yake kwa sababu hapa sina huruma. Kama kuna nyumba iliyounganisha choo au shimo la maji machafu na mtaro, au inayolifungulia mvua ikinyesha, ikomeshwe leo. Maji yanayoingia chumbani kwa mtoto wa chini yanabeba kipindupindu na homa ya matumbo kutoka kwa jirani wa juu. Na kinyume chake ni kweli pia: msielekeze maji ya paa kwenye bomba la majitaka, kwa sababu mvua kubwa ikija yatarudi kupitia vyoo vya nyumba za chini. Wenye nyumba za chini waliounganishwa na bomba la majitaka waweke vali ya kuzuia maji kurudi, na waisafishe, maana ikinasa uchafu haifungi.

Usafi wa mtaro usiachwe kuwa jambo la hamasa. Gawanyeni mtaro vipande, kila nyumba kumi kipande chao, chenye alama ya rangi ukutani. Mara moja kabla ya msimu, mara moja baada ya mvua kubwa ya kwanza, kwa sababu hiyo ndiyo inayosomba taka zote za kiangazi, kisha kila baada ya wiki mbili. Kinachotolewa kiondoke siku hiyo hiyo. Tope lililoachwa ukingoni hurudi mtaroni mvua ya kwanza, na watu wakiona jasho lao linarudi ndani mara mbili hawatokei mara ya tatu. Na kama taka za nyumbani hazina pa kwenda, mtaro utaendelea kuwa jalala. Sehemu ya fedha zenu itengwe kwa ajili ya kuzoa taka, na mimi naihesabu hiyo kama kazi ya mtaro.

Nyumba mbili au tatu za mwisho kabisa huenda ziko ndani ya mkondo wenyewe, mahali maji yalipopita tangu zamani. Mkondo huo mtautambua kwa kuangalia umbo la ardhi na kwa kuwauliza wazee waliokuwepo kabla ya nyumba. Kwa hao, mtaro haufanyi muujiza. Swichi na soketi zipandishwe juu ya mstari wa chaki, umeme uzimwe kwenye swichi kuu kabla maji hayajafika na wala si baada ya kuyakanyaga, vyeti na dawa vikae juu, na pawepo makubaliano ya nyumba gani ya juu itawapokea usiku. Kama kuna nafasi ya kuwahamishia kwingine, kamati isimame nao kulidai hilo.

Nitumie vitu vinne: kipenyo cha kalvati na kina cha tope lililomo, tofauti ya kimo kutoka juu ya mtaro hadi mdomo wa kalvati pamoja na urefu wake, picha za pande zote mbili za barabara wakati wa mvua, na eneo linalowaletea maji, pamoja na sehemu iliyo juu ya mtaa wenu kama maji yake yanapita kwenu. Kwa hivyo vinne tutajua kama barua iende kwa mamlaka ya barabara wiki hii, au kama makoleo na mpira wa maji vinatosha kabla ya mvua zijazo.